Wekeni Spana Kwenye Begi la Bi Harusi



Leo sina mapishi wala singo. Leo nina ugomvi. Nitausema kwa adabu, lakini nitausema wote.

Juzi juzi nilishuka Unguja kwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Mtoto anaolewa bara, tena huku huku nilikoolewa mimi, Singida. Shangazi zake wakakaa kwenye mkeka wakampangia begi: kisutu, kanga doti kwa doti, udi, chetezo, marashi, liwa, vikombe vya kahawa. Kila mmoja akatia chake na dua yake. Na mimi nikatia changu: ringi spana ya 14, soketi ya 21 na mpini wake mrefu, na kopo dogo la mafuta ya kulegeza kutu, vyote nimevifunga ndani ya kipande cha kanga kuukuu.

Kicheko kilichoanguka pale! Shangazi mmoja akavitoa kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya, akaviweka nje ya mlango. Akaniambia, "Mwanangu, huyu anakwenda kwa mume, haendi gereji."

Nilinyamaza. Yule ni mkubwa wangu, na siku ile ilikuwa ya furaha. Sasa harusi imekwisha salama, alhamdulillah, na nina haki ya kusema. Shangazi, nakuheshimu, lakini ulilolitoa kwenye begi lile lilikuwa na faida kuliko nusu ya vilivyobaki ndani.

Boliti moja tu

Mimi nilifika Singida nikiwa bi harusi ninayejua kila kitu. Kungwi wangu alinifunza mwezi mzima. Najua kufukiza, najua kupika, najua kumpokea mume akirudi na kumnyamazia akikasirika. Nyumba yetu ilikuwa karibu na yale mawe makubwa yaliyosimama mjini kama yamepangwa kwa mkono, na upepo wa mwezi wa saba ukipita katikati yake ulinifanya nilie kwa baridi. Mume wangu kazi yake safari. Aliniachia gari dogo kuukuu aina ya Toyota, tulilolinunua kwa mtu wa pwani, ili nisitaabike na mtoto.

Muda wa kubadilisha oili ukafika. Nikalipeleka gari kwa fundi. Akaingia chini, akakuta boliti ya kumwagia oili haitoki. Akachukua spana ya mdomo wazi, ikateleza. Akapiga nyundo, ikateleza tena. Alipotoka chini, zile pembe sita za kichwa cha boliti zilikuwa zimelika na kuwa duara.

"Mama, hii haitoki. Ngoja mzee arudi tuongee naye."

"Mzee yuko safari. Niambie mimi."

"Hutaelewa, mama. Haya mambo ya boliti."

Nikarudi nyumbani na oili yangu mpya kwenye dumu. Na kwa kuwa nilifunzwa kwamba mwanamke mwenye haya habishani na mafundi, nilinyamaza wiki tatu. Sikujua kwamba boliti ile iliyogoma kutoka ilikuwa sasa inavuja, kwa sababu ya zile nyundo. Oili ilidondoka tone kwa tone, na mimi sikujua hata pa kuitazama.

Siku moja nilikuwa natoka Manyoni na mtoto wangu wa miezi minane mgongoni mwa kiti. Nimeshaipita Ikungi, jua linazama, taa nyekundu yenye alama ya birika ikawaka mbele yangu. Neema ya Mwenyezi Mungu ni kwamba nilisimama. Lakini nilisimama porini, magharibi inaingia, simu haina mtandao, mtoto analia. Malori yakipita gari linatikisika. Wa kwanza aliyesimama sikumfungulia mlango, kwa woga. Wa pili alikuwa mzee pamoja na mkewe, na ndio walioniuzia lita mbili za oili nikafika nyumbani.

Dada zangu, usiku ule nilijiuliza swali moja. Haya yangu ilinilinda na nini? Nilikuwa na haya mbele ya fundi mchana kweupe penye watu, nikaishia peke yangu gizani nikingoja mwanamume yeyote atakayepita.

Bibi na bomba lake

Aliyeitoa boliti ile alikuwa bibi jirani yetu, mjane. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori enzi za barabara ya vumbi, na yeye akisafiri naye na magunia yake ya vitunguu kwenda sokoni. Nilikwenda kwake kumsalimia na kulia, si kuomba ufundi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kwani kinachokuliza ni nini?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Boliti haikuzaliwa kaidi. Kuna mtu aliikaza kwa hasira."

Alikuja na kanga zake mbili na kipande cha bomba la maji chenye urefu wa mkono. Na nitawaeleza alichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu nimechoka na mafunzo ya wanawake yanayoishia kwenye nasaha.

Kwanza, hakuingia chini. Tulipandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao pana nene zilizopangwa vizuri, tukavuta breki ya mkono, tukaweka gia ya kuegesha, tukazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Jeki aliitazama tu. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake." Andikeni maneno hayo mlangoni. Gari lililosimama kwa jeki peke yake likiteleza halina msamaha.

Pili, alisafisha. Alisugua uchafu wote kuzunguka boliti kwa brashi ya waya, kisha akatia mafuta ya kulegeza kutu, akagonga kichwa cha boliti kwa nyundo, taratibu, mara kadhaa, akaondoka. Jioni ya pili akarudia vile vile. Jioni ya tatu ndipo aliposhika spana. Kutu ni chuma kilichokula hewa na maji kikavimba, na ndiyo maana hubana: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Chumvi huiharakisha, na gari letu lilikuwa la pwani. Nyinyi wa visiwani mnalijua hili kwenye mageti na madirisha yenu. Mafuta yanahitaji muda kupenya, na ile migongo midogo ya nyundo huyafungulia njia. Atakayeanza na nguvu kabla ya mafuta atavunja.

Tatu, alichagua chombo. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu za kichwa, na boliti ngumu huziparura. Ringi spana na soketi hushika pande zote. Ya pembe sita ndani ni bora kuliko ya pembe kumi na mbili kwa boliti iliyogoma, kwa kuwa inakumbatia ubapa mzima. Boliti yetu ilikuwa ya 14 na imeshalika, basi bibi alichukua soketi ya 13, akaigonga kwa nyundo juu ya kile kichwa mpaka ikauma.

Nne, mwelekeo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Boliti ya kawaida hufunguka kinyume na mwendo wa saa, ukiwa unakitazama kichwa chake. Ukiwa chini ya gari umelala chali, kichwa kinachanganyikiwa, na mtu hukaza akidhani anafungua. Mimi nimejiwekea alama, na naisema kwa adabu bila kulinganisha ibada na chuma: zunguka kama anavyozunguka mwenye kutufu, Al-Kaaba ikiwa kushotoni kwake. Sijawahi kukosea tena.

Tano, kabla ya kufungua, alikaza kidogo sana. Nilishangaa. Akasema kule kusogea kidogo kwa upande wa pili huivunja ile kutu iliyoganda. Kisha akavika bomba lake kwenye mpini wa soketi, akavuta kwa uzito wa mwili wake, polepole, bila kurusha. Kikatoka kishindo kimoja, ta! Nikadhani imevunjika. Ilikuwa imefunguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alijifuta mikono, akaomba maji ya udhu, maana alasiri ilikuwa imeingia.

Suala la nguvu

Wanaosema mwanamke hana nguvu za boliti, waje tuhesabu. Boliti ya kumwagia oili kwenye injini nyingi ndogo za Toyota hukazwa kwa nyutoni mita 37 hivi. Kwa hesabu ya jikoni: chukua spana yenye urefu wa sentimita 25, tundika kilo 15 mwishoni mwake, basi imekaza inavyotakiwa. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, na kuna wanawake Singida wanaibeba kichwani kila asubuhi na mtoto mgongoni. Mwanamke huyo huyo ndiye anayeambiwa spana si yake!

Na boliti ikiwa imekazwa kupita kiasi, refusha mpini. Ukiwa mrefu mara mbili, nguvu unayohitaji inakuwa nusu. Lile bomba la bibi halikuwa na siri nyingine. Gereji ngapi mmeona kijana anasimama juu ya spana na kuirukia ili akaze nati za tairi? Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nyutoni mita 103 kwenye nati hizo, basi. Kijana akirukia anapitisha mbali. Siku ya pancha, wewe na watoto njiani kuelekea mlima Sekenke, nati hazitoki, na anayelaumiwa ni udhaifu wa mwanamke. Si udhaifu wako. Ni ujinga wa aliyekaza.

Majibu kwa shangazi

Shangazi alisema mengi siku ile. Nayajibu kwa mpangilio.

Kwamba ni kukosa haya. Haya ni stara na mwenendo, haipimwi kwa chombo ulichoshika. Bibi wa Singida alifanya kazi ile uani kwake, kichwa kimefunikwa, hakuna mgeni aliyemwona. Mimi navaa dera kuukuu na suruali ndani yake, na ncha za mtandio nazifunga nyuma zisinaswe. Mbona tunaona stara kumwacha bi harusi akae saa tatu gereji katikati ya wanaume asiowajua, lakini tunaona aibu akishika spana nyuma ya ukuta wake?

Kwamba dini haijui mambo haya. Someni habari za Bi Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim. Alipoolewa na Zubeir, mume hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi ilipochanika, akabeba kokwa za tende kichwani kutoka mbali. Farasi ndiye gari la zama zile, na ndoo iliyochanika ndiyo boliti ya zama zile. Wala sifichi mwisho wa habari: baba yake alipomletea mtumishi wa kumhudumia farasi, alijiona kama aliyeachwa huru. Naam, kazi ilikuwa nzito, na msaada ulipokuja aliupokea kwa furaha. Na mimi simkatazi mtu fundi. Nasema tu kwamba mpaka msaada ule ulipofika, farasi hakufa njaa, kwa sababu mke alijua la kufanya.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, Bi Aisha aliposimulia mwenendo wake nyumbani, alisema alikuwa akishona viatu vyake na kutengeneza nguo zake mwenyewe. Kama kutengeneza kitu chako kwa mkono wako hakukuipunguza heshima ile, kutapunguza yangu?

Kwamba mume ataona amedharauliwa. Mume wangu aliporudi safari alikuta boliti mpya, oili safi na mke aliye hai. Alichosema ni, "Bomba liko wapi?" Mwanamume mwenye akili hapungukiwi na mke anayeweza. Na huyo anayepungukiwa kwa spana ya 14, kungwi anapaswa kumwambia bi harusi mapema.

Kwamba mikono itaharibika, hina itafubaa. Paka mafuta ya nazi mikononi na chini ya kucha kabla ya kazi, vaa glavu, kisha osha kwa sukari na sabuni ya maji. Hina yangu haijawahi kufutika kwa oili. Imefubaa zaidi kwa kufua.

Kwamba hizi ni tabia za bara. Shangazi, Kinyasini hapo hapo Unguja, Barefoot College imefundisha kina mama na bibi wa vijijini ufundi wa umeme wa jua, wengine hawakusoma shule. Wanashika bisibisi na koleo, wanawasha taa kwenye nyumba za watu, na wamevaa mitandio yao. Huku Singida VETA ina chuo chake, na ufundi wa magari ni miongoni mwa fani ambazo VETA inafundisha nchini, wasichana kwa wavulana. Na kama mnataka wa ng'ambo, Malkia Elizabeth wa Uingereza, alipokuwa binti wa miaka 18 mwaka 1945, aliingia jeshini akafundishwa udereva na umakenika. Kama ufundi huo haukumshusha binti wa mfalme, binti yetu utamshushaje?

La kungwi

Sasa nazungumza na makungwi na masomo wenyewe. Mnafanya kazi kubwa na mimi ni matunda yenu. Lakini mnamfunza mwari nyumba ya zamani, ambamo mume hakosekani na barabara haipo. Bi harusi wa leo anaolewa Singida, Tabora, Maskati, Toronto. Anaendesha. Anabaki peke yake na watoto. Siku moja kati ya zile saba mpeni mtoto spana mkononi.

Mfunzeni mambo haya tu. Kutazama kijiti cha oili, gari likiwa limesimama mahali sawa na injini imezimwa dakika chache. Kulegeza nati za tairi kabla ya kunyanyua gari, wala si baada. Kufungua boliti ya oili injini ikiwa vuguvugu, si ya moto ya kuunguza. Plagi zisiguswe mpaka injini ipoe kabisa, kwa sababu uzi wake umo ndani ya aluminiamu na ni rahisi kuharibika. Boliti ikirudishwa ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, ikigoma itolewe ianzwe upya, ndipo spana ifuate. Washa yake ibadilishwe. Isikazwe kwa hasira, maana atakayekuja kuifungua kesho ni yeye mwenyewe.

Na mfunzeni pia pa kusimama. Boliti ikikataa baada ya siku tatu za mafuta na chombo sahihi, ni ya fundi, na hakuna aibu. Tofauti ni kwamba atakwenda kwa fundi akijua jina la kitu, ukubwa wake na kilichokwisha kufanywa. Huyo haambiwi "ngoja mzee arudi."

Tumefundishwa kwamba upole hauingii katika jambo ila hulipamba. Mimi nimeliona hilo chini ya gari, kwa mkono wa bibi wa miaka sabini, baada ya kijana mwenye misuli kushindwa kwa nyundo. Basi msituambie upole ni wa kitandani na jikoni tu.

Spana zile niliziokota mlangoni siku ile ile. Nimerudi nazo Singida kwa basi, kwenye mkoba wangu, zimefungwa ndani ya kanga yake kuukuu. Bi harusi wetu fungate ikiisha nitampelekea mwenyewe, na bibi jirani ameshaniambia atakuja na bomba lake.

Allah awape maharusi wetu mapenzi, rehema na mikono inayojua. Amin.